Kabla ya Kufungua Ndoo ya Rangi

Ukipita Kijitonyama, Sinza au Mikocheni, hukosi kukutana na nyumba yenye maandishi makubwa ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingi ni mekundu, yameandikwa kwa haraka, na herufi za mwisho zimebanana kwa sababu mwandishi hakupima nafasi. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua yanakotoka. Ndugu wamegombania mirathi, au mjane amesikia kwamba shemeji zake wanatafuta dalali, au tapeli ameshapokea fedha za watu watatu kwa nyumba isiyo yake. Viwanja vya maeneo hayo vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wengi waliojenga wakati ule sasa ni wazee au wametangulia mbele ya haki. Nyumba zimebaki, na watoto ni wengi kuliko vyumba.

Magomvi mengine hukoma. Kikao cha ukoo kinakaa, mahakama inathibitisha msimamizi wa mirathi. Kama wenye nyumba ni mume na mke walio hai, mwenzi anatoa ridhaa yake, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Siku moja familia inaafikiana: tuuze. Hapo ndipo anapoitwa fundi rangi, na jambo la kwanza analoonyeshwa ni yale maandishi. "Fundi, tufutie haya, wateja waanze kuja."

Nataka kumsifu fundi huyo, maana kazi yake hutazamwa kwa muda mfupi sana. Mnunuzi anashuka kwenye bajaji, anaizunguka nyumba, anapiga picha kwa simu, anaondoka. Kwa muda huo, ukuta wowote uliopakwa jana unapendeza. Tofauti ya fundi na mpakaji hujitokeza masika ya kwanza, na kufikia hapo nyumba ina mwenyewe mwingine, dalali ameshapata chake, na fundi ameshalipwa na kusahauliwa. Anayeiandaa vizuri nyumba inayouzwa anamfanyia kazi mtu asiyemjua, asiyemlipa, na ambaye pengine hataonana naye maishani. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu.

Ninayemfikiria hasa ni mzee mmoja wa Kijitonyama ambaye mtaa mzima humwita Fundi, basi. Anapokuja kazini haji na rangi. Huja na skrepa mbili, brashi ya waya, msasa, tindo, nyundo ndogo, mwiko, na kipande cha nailoni angavu kilichokunjwa mfukoni. Rangi itanunuliwa baadaye, tena baadaye sana. Siku ya kwanza ni ya kuizunguka nyumba tu. Anaufuta ukuta kwa kiganja, kisha anakitazama. Kikitoka na unga, rangi ya zamani imeshachoka: jua limeimaliza gundi yake, na rangi yoyote mpya itakayopakwa juu ya unga huo itaushika unga wenyewe, ukuta isiuguse. Anagonga lipu kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, sikio karibu na ukuta. Lipu iliyoshikana na tofali hutoa mlio mkavu, mfupi. Iliyoachana na tofali hulia kama debe. Palipolia hivyo anachora duara kwa chaki, na akimaliza nyumba nzima imejaa maduara, mwenye nyumba ameanza kupiga hesabu za fedha kimoyomoyo.

Halafu anauliza swali ambalo wengi hawalitarajii: kusini ni upande gani?

Jibu lake lina maana kubwa. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua huchomoza na kutua upande wa kaskazini wa mstari wa mashariki na magharibi, na kwa miezi yote hiyo ukuta wa kusini hauguswi na jua hata kidogo. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kusi, upepo unaoleta unyevu na chumvi ya bahari. Ukuta unaopigwa zaidi na upepo wenye maji ndio huohuo usiopata jua la kuukausha. Kwa hiyo ugonjwa wa nyumba za pwani huanzia kusini, na fundi anayezitendea kuta zote nne sawasawa anapoteza rangi kwenye tatu na kuidhulumu moja.

Upande huo ndiko ninakopenda zaidi kumtazama. Chini kabisa, kama futi mbili juu ya ardhi, rangi imeota malengelenge, na ukilipasua moja kwa kucha unakuta unga mweupe mwororo. Ni chumvi. Imo kwenye udongo, imo kwenye maji ya ardhini, na mara nyingi imo ndani ya tofali lenyewe, kwa kuwa tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi hubaki nayo. Maji yakipanda ndani ya ukuta huiyeyusha na kuibeba hadi nje. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inaganda, inavimba na kuisukuma rangi itoke. Mpakaji asiyejua huchukua mpira na kuuosha ukuta huo. Kwa kufanya hivyo ameiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ikasubiri. Fundi huisugua ikiwa kavu kwa brashi ngumu, huizoa yote iliyoanguka, akaitupa mbali na msingi. Anaweza kurudia hivyo mara kadhaa kwa siku tofauti, mpaka ukuta uache kutoa.

Lakini hapaki kabla hajajua maji yanatoka wapi. Mara nyingi jibu ni la aibu kwa mwenye nyumba: bustani. Miaka thelathini ya kuongeza udongo na kupanda maua imeupandisha udongo hadi juu ya msingi, juu ya ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa wakati wa kujenga, kama ililazwa. Kila jioni mtu anamwagilia maua, na ukuta unakunywa. Au gata imeoza, maji ya paa yanaanguka palepale kila mvua na kurukia ukutani. Fundi wangu hushika jembe na koleo. Huondoa udongo mpaka msingi uonekane, huuinamisha uwanja ili maji yaukimbie ukuta, na pale penye fedha hushauri ukanda mwembamba wa zege kuizunguka nyumba. Mwenye nyumba aliyemwita kupaka rangi anamkuta analima. Sijui kazi nyingine ya rangi yenye manufaa kuliko hiyo.

Kisha inatoka ile nailoni ya mfukoni. Anaibandika ukutani, kipande cha ukubwa wa karatasi ya daftari, amezungushia gundi pande zote hewa isiingie, na kuiacha hadi kesho yake. Asubuhi upande wa ndani wa nailoni ukiwa na vitone vya maji, ukuta bado haujakauka, na siku hiyo hakuna kazi upande huo. Niliwahi kumsikia akimweleza mama mmoja ambaye dalali alikuwa amemwahidi mteja Jumamosi.

"Mama, ukuta huu bado una maji ndani. Nikipaka leo utang'aa Jumamosi, lakini atakayenunua atakuta malengelenge kabla hajahamisha vitanda."

"Lakini Fundi, si atakuwa ameshanunua?"

"Ndiyo, Mama. Na atakuwa anakaa humu."

Mama yule alinyamaza, akamwambia dalali Jumamosi haiwezekani. Wiki mbili zilipita bila brashi kuguswa upande wa kusini. Watu walipita wakidhani fundi ametoroka na advansi.

Ukungu wa kijani na mweusi ni jambo dogo, ila una utaratibu wake. Huoshwa kwa jiki iliyochanganywa na maji mara tatu yake, ikaachwa robo saa, ikasuguliwa na kusuuzwa kwa maji mengi. Ukipakwa rangi juu ukiwa hai, utaota tena kupitia rangi hiyo. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa zile kali za chooni, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Nyufa ni habari nyingine, na hapo fundi mwema anajua mpaka wake. Ufa mwembamba unaotambaa juu ya lipu bila mwelekeo ni wa lipu iliyokauka haraka siku ilipopigwa; huzibwa na hadithi inaisha. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari hadi chini, mpana upande mmoja kuliko mwingine, huenda unasema habari za msingi. Fundi hubandika juu yake kidonge cha saruji, akaandika tarehe. Kikipasuka baada ya wiki kadhaa, ufa uko hai, nyumba inatembea, na jambo hilo ni la mhandisi. Hakubali kuuziba huo ili usionekane na mnunuzi. Uliotulia huupanua kwa tindo mpaka uwe mpana ndani kuliko mdomoni, akaufagia vumbi, akaulowesha, ndipo akaushindilia saruji na mchanga uliochekechwa. Watu hushangaa kuona ufa unakuzwa ili utibiwe. Saruji haishiki kwenye mstari mwembamba. Inataka mahali pa kushika. Kiraka hicho humwagiliwa maji kwa siku kadhaa, kisha huachwa kama wiki nne kabla ya rangi, kwa kuwa saruji mbichi ina ukali unaoichoma rangi na kuifanya ibadilike madoa.

Sasa turudi kwenye yale maandishi. Kabla ya kuyagusa, Fundi huuliza nani aliyaandika, na huomba mtu huyo awepo. Kama ni mjane, anataka mjane mwenyewe aseme mbele ya wengine kwamba yafutwe. Hakuna sheria inayomlazimisha kufanya hivyo. Ni adabu yake, na imewahi kumkosesha kazi pale ilipogundulika kwamba aliyeandika hajaafiki lolote.

Yakiruhusiwa, ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Aliyeandika alitaka yadumu, akatumia rangi ya mafuta. Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya mafuta yanayong'aa. Ukipaka tu juu yake, miezi michache baadaye itabambuka kwa umbo kamili la herufi, na nyumba itatangaza tena kwamba haiuzwi, safari hii kwa mwenyewe mpya. Wekundu nao hupenyeza, koti la kwanza na la pili. Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka nilipolionyeshwa. Kwa miaka yote ya ugomvi, jua na mvua viliula ukuta mzima isipokuwa pale palipofunikwa na herufi. Hata ukiikwangua rangi nyekundu yote ikaisha, chini yake ukuta ni laini na umeinuka kidogo kuliko jirani yake. Neno limechongeka kwenye ukuta wenyewe.

Fundi hulikwangua kwa skrepa kadiri linavyokubali. Anaanza na msasa namba 60, ulio mkali, akiulowesha, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake halifai kuvutwa, hasa penye watoto. Anasugua hadi mng'ao ufe. Hasugui herufi peke yake. Anatoka nje ya kila herufi na kuingia kwenye ukuta mtupu, mipaka ikapotea. Kisha anapaka praima ya kuzuia madoa na kuiacha ikauke. Baada ya hapo huvuta skimingi nyembamba ya saruji nyeupe, na hii huivuta kwenye ukuta wote wa mbele, kona hadi kona, kwa sababu kiraka kizuri katikati ya ukuta bado ni kiraka. Anatumia ya saruji, kamwe si ya jasi. Jasi ni rahisi kulainisha na inampendeza mwenye haraka, lakini nje ya nyumba hulegea kwa mvua. Ikikauka, anapanda namba za msasa, 80, 120, akinyamaza zaidi kila anapopanda.

Kipimo cha mwisho ni cha jua. Juni, kama saa kumi na moja jioni, jua linaposhuka upande wa kaskazini magharibi, mwanga wake huupiga ukuta wa kaskazini kwa ubavu, na kila kivimbe cha unene wa karatasi hutupa kivuli. Fundi husimama mwisho wa ukuta, shavu karibu na lipu, akitazama urefu wake. Siku moja aliniita nisimame alipokuwa yeye. Ukuta mzima ulikuwa mweupe na safi, nami ningeapa kwamba kazi imekwisha. Kwa mwanga ule niliisoma Z, na nusu ya W. Hakusema kitu, alichukua chaki akazizungushia duara, akafunga vifaa vyake hadi kesho yake. Mnunuzi angeweza kuja saa sita mchana asione lolote. Lakini mnunuzi akihamia, kila jioni ya Juni angekaa kibarazani na lile neno.

Kwenye nondo za madirisha na geti kazi ni fupi: kutu hung'olewa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, praima ya chuma ipakwe siku hiyohiyo kabla hewa ya bahari haijaanza tena, kisha rangi. Mtindo wa kupaka ukanda wa rangi ya mafuta ya kahawia au kijivu chini ya ukuta ili kuficha matope siupendi, na Fundi haupendi. Mafuta hufungia maji ndani ya ukuta, na ndiyo sababu malengelenge mengi ya mitaani kwetu yako kwenye ukanda huo. Rangi ya maji iliyokoza hufanya kazi ileile na kuuacha ukuta upumue.

Hatimaye ndoo inafunguliwa. Hesabu yake ni rahisi. Nyumba yenye mzunguko wa mita 44 na kuta za mita 3, ukitoa milango na madirisha ya mita za mraba kama 20, ina mita za mraba 112. Kwa makoti mawili ni 224. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba kama 10, kwa hiyo inatakiwa ndoo ya lita 20 na kopo la lita 4. Anazimimina zote kwenye pipa moja safi na kuzikoroga pamoja, maana ndoo na makopo ya rangi moja huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana zinapokutana katikati ya ukuta. Anakimbia jua: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri, kwa sababu ukuta wenye moto huikausha rangi kabla rola haijarudi na kuacha mistari. Anakata kona kwa brashi kwanza, kisha rola kutoka juu kwenda chini, ukuta mzima bila kupumzika, kila mkupuo ukikuta ule wa kabla yake ukiwa bado mbichi. Ukuta mmoja haugawiwi na chakula cha mchana. Sehemu hii, ambayo wapita njia husimama kuitazama, ndiyo fupi kuliko zote.

Yote haya ni ya nyumba za tofali za saruji. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, au za Lamu zilizofuata mwaka 2001, ina mafundi wake, na ukuta wake haufai kupigwa saruji wala rangi nzito inayofunga. Chokaa huiva polepole kwa kunywa hewa ya kaboni na huruhusu unyevu uingie na kutoka. Ukiifunga, maji hubaki ndani na kuila nyumba huku nje ikipendeza. Mwenye nyumba ya namna hiyo anayetaka kuiuza amtafute mwashi wa chokaa, na fundi rangi mwaminifu atamwambia hivyo mwenyewe.

Kwa unayetaka kuuza: usimwite fundi wiki moja kabla ya mteja. Mwite masika yakiisha, mpe Juni na Julai, na umlipe siku za kusugua, kuchimba na kusubiri kama unavyomlipa siku za kupaka. Mafundi wengi hulipwa kwa ukuta uliopakwa, na malipo hayo ndiyo yanayowafundisha kuharakisha. Na wewe unayenunua, usiende mchana wa jua ukiwa na dalali. Nenda mwenyewe siku moja baada ya mvua, uliza kusini ni wapi, weka kiganja ukutani chini kabisa, gonga, sikiliza. Rudi saa kumi na moja jioni utazame kuta kwa ubavu. Ukizikuta kavu na tulivu, muulize mwenye nyumba jina na namba ya simu ya fundi wake. Utamhitaji.